Rambirambi za Suruali

Daktari alisema kilo nane kwa miezi sita. Nikamtazama vizuri nione kama anatania. Presha ilikuwa imepanda kidogo, mizani yake ilisoma 98, urefu wangu ni sentimita 170, naye akaandika kwenye kadi bila haraka yoyote: "Nusu kilo kwa wiki inatosha. Ukifika kilo moja, usizidishe. Kuna wiki hutapungua kabisa, usiogope."

Nikaitikia "sawa daktari" ile ya kumridhisha mtu. Mimi kazi yangu ofisini ni mipango na makisio. Ratiba ya namna ile ningepelekewa mezani, ningeirudisha na kuandika kwa kalamu nyekundu: iharakishwe.

Nyumbani nikamkuta shemeji, mdogo wake mke wangu, anauza majani ya chai ya kupunguza tumbo. Huyu bwana ni mwembamba tangu tumfahamu. Hajawahi kunenepa hata mwaka ule aliofanya kazi ya kupakua vyakula kwenye shughuli za watu. Lakini ukimuuliza kama chai yake inafanya kazi, anajipiga kitumbo chake na kusema, "Bidhaa si unaiona?" Nikachukua pakiti mbili kwa mkopo. Akaandika kwenye daftari.

Ugali nikaupiga marufuku. Wali, chapati, mihogo, viazi, soda na sukari vikaufuata. Asubuhi mayai ya kuchemsha, mchana samaki na mchicha, usiku tango na kikombe cha chai ya shemeji. Mwanangu wa mwisho akagundua burudani mpya: anakaa mbele yangu na sufuria, anakwangua ukoko wa wali taratibu, kijiko kinalia kwaruu, kwaruu, huku ananitazama usoni.

Chai nayo ilifanya kazi. Ilifanya kazi saa kumi na moja alfajiri, ikafanya tena saa moja, na siku moja ikaamua kufanya kwenye foleni ya Mtongani, nimebanwa dirishani na konda anapiga kelele tusogee nyuma kuna nafasi. Nilishuka bila kudai chenji. Wale mafundi wa gereji waliokuwa na choo, Mungu awazidishie.

Wiki ilipokwisha nikaenda Rangi Tatu kwa kijana mwenye mashine ya kupimia uzito na urefu. Zile zenye spika. Ndani kuna sauti ya mwanamke aliyerekodiwa, na huyo mama hajui kunong'ona: unapanda, anakusoma mbele ya wauza machungwa wote. Nikatoa mia tano, nikavua viatu, nikapanda.

"Uzito wako ni kilo tisini na nne."

Muuza machungwa mmoja akanipigia makofi. Sijui kwa nini, lakini nilipokea.

Nikageuza kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine, nikaomba kalamu, nikapiga hesabu palepale. Kilo nne kwa wiki. Kwa mwezi kumi na sita. Miezi miwili, niko sitini na kitu, uzito niliokuwa nao naoa. Nikaendelea kukokotoa kwa raha zangu hadi nikakuta kwamba kwa mwendo ule, kabla miezi sita ya daktari haijaisha, ningekuwa nimefika sifuri. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo ajiulize. Mimi nilikunja karatasi nikasema, kumbe daktari mwenyewe hajui hesabu.

Jioni ile nikafungua kabati, nikakusanya suruali zangu zote za kazini, nikazitia kwenye kiroba. Mke wangu akachomoa ile ya bluu.

"Hii iache, ya dharura."

"Dharura ya nini, mama? Mwili huu hauturudii tena."

"Iache tu, baba."

Nikamwachia, ili yaishe.

Fundi cherehani wetu ni mzee wa makamo, futi kamba haitoki shingoni. Akanizungushia kiunoni, akasoma, akaandika 40 kwa chaki kwenye meza.

"Nizipunguze kiasi gani?"

"Thelathini na tano."

Akanipima tena. Akasoma tena. Akaishusha miwani.

"Kaka, hiki kiuno cha thelathini na tano kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Kikifika si utaniletea?"

"Wewe punguza, fundi. Na hicho kitambaa kinachozidi usikikunjie ndani, kikate. Sitaki nafasi ya kurudi nyuma."

Akatikisa kichwa, akaniuliza mara ya tatu, kisha akachukua mkasi. Huyu ndiye fundi aliyechelewesha sare za harusi ya binamu yangu mpaka maharusi wakaenda fungate na kurudi. Safari hii alimaliza kabla ya siku.

Tatizo ni kwamba kiuno nacho kilikuwa na ratiba yake. Wiki iliyofuata yule mama wa kwenye spika alisema tisini na tatu na nusu. Nikamwambia kijana mashine yake imeshika kutu. Wiki nyingine, baada ya shughuli ya jirani ambako nilikula pilau sahani moja tu, na achari, akasema tisini na tano.

"Hii mashine ina matatizo."

"Mzee, mashine haina bifu na wewe," kijana akasema. "Siku ile ulikuja asubuhi hujala, umevua viatu. Leo ni saa mbili usiku, umevaa mabuti, mfukoni una simu mbili na funguo za ofisi nzima."

Nikampigia dada yangu mkubwa, ni muuguzi. Jumapili akaja, na kabla hata hajakaa akanusa kikombe changu.

"Hii si sanamaki? Bibi si alikuwa anatunywesha tukifunga choo? Mdogo wangu, unajiharisha kwa hiari!"

"Lakini nimepungua kilo nne kwa wiki moja, dada."

"Umezikojoa. Na nyingine umeziacha chooni."

Akanieleza, huku mke wangu akiitikia "mwambie dada" kila baada ya sentensi. Kwamba wanga mwili huuweka akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji kama gramu tatu. Ukiukata ugali ghafla, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka unashangilia. Ukila pilau lenye chumvi, maji yanarudi, mizani inapanda unalia. Mafuta yenyewe yamekaa palepale. Kilo moja ya mafuta ina kama kilokalori 7,700; ukijinyima 500 kila siku, bila kuiba, kwa wiki unapata kama nusu kilo. Na kadiri unavyopungua, mwili unahitaji chakula kidogo zaidi, kwa hiyo hata hiyo nusu kilo nayo itaanza kusuasua.

"Nani kakuambia utapungua kilo kumi na sita kwa mwezi?"

Sikumwonyesha kile kikaratasi.

Usiku nikazitoa suruali kwenye kiroba. Ya kwanza ilipanda hadi mapajani ikagoma. Ya pili ilifika kiunoni, lakini kishikizo na tundu lake vilikuwa vinasalimiana kwa mbali, kiganja kizima katikati. Mwanangu akanishauri nivute pumzi. Nikaivuta hadi macho yakaingia ukungu, mke wangu akasema "baba, achia, utatuachia wajane." Wajane ni yeye mmoja, lakini nilimwelewa. Ikabaki ya bluu.

Ya bluu nikaivaa siku zilizofuata zote. Usiku wa kuamkia Jumanne ikafuliwa, masika yakanyesha hadi alfajiri, asubuhi imelowa chepechepe. Nikachomeka pasi niikaushe. Umeme ukakatika. Nikaiacha pasi juu ya suruali, nikaenda kumjibu mtoto anayeuliza daftari liko wapi. Umeme ukarudi. Niliporudi, nyuma kabisa, pale pa kukalia, kulikuwa na alama ya pasi kamili, kahawia, hata vitundu vya mvuke unavihesabu.

Saa ilikuwa imekwenda. Nikavaa kanzu na kofia, nikatoka.

Kanzu ya Ijumaa haina maswali. Kanzu ya Jumanne ofisini kwetu ina maana moja tu, ila hilo halikunijia kichwani. Kwenye daladala nilikuwa nimepishwa kiti na shikamoo nimepewa, nikaona siku imeanza vizuri. Nikafika mapokezi. Mama wa pale yuko kikoba kimoja na mke wangu, habari za nyumbani kwangu huzipata kabla yangu. Aliponiona akainuka.

"Jamani, baba! Pole sana. Lini tena?"

"Asubuhi hii tu, mama." Nikajua keshaambiwa habari ya pasi.

"Ghafla hivyo?"

"Ghafla. Nimegeuka dakika moja kumjibu mtoto, narudi, basi."

"Kumbe nini?"

"Umeme, mama. Umekatika, ukarudi."

Akashika mdomo kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Umeme!" Nikaona anatia chumvi kidogo kwa suruali moja, lakini nikaguswa. Watu wenye utu bado wapo.

Simu yangu niliichomeka chaji nikakaa kazini. Asubuhi ile ofisi ilinipenda ajabu. Mtu wa masjala akaniletea maji ya kunywa. Kijana wa kompyuta, ambaye hunisalimia kwa nyusi, alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Mwingine akanitazama kwa huruma, akasema, "Umepungua, kaka. Umepungua sana."

Jamani. Wiki zote zile za tango, hatimaye mtu kaona!

"Ahsante," nikasema. "Ni kujinyima tu."

"Lakini jitahidi kula."

"Nakula, ila kidogo kidogo. Usiku silali njaa tena kama mwanzo."

Akafuta jicho akaondoka. Wa tatu akaja kuniambia nijikaze, haya mambo huchukua muda, hayataki haraka. Nikamwambia hayo hayo ndiyo aliyosema daktari. "Kumbe mlimfikisha hata hospitali," akasema kwa sauti ya chini, na mimi nikadhani simu yake ndiyo anayozungumza nayo.

Saa saba mlango ukafunguliwa wakaingia wote. Bosi mbele, mhasibu nyuma yake na bahasha ya kaki, mama wa mapokezi na daftari la majina. Bosi akakohoa.

"Ndugu yetu, kwa niaba ya wenzako. Tumejikusanya kidogo, laki moja na arobaini. Dereva yuko tayari na gari. Tulitaka tu kujua, mazishi ni leo alasiri au mnasubiri ndugu wa mikoani?"

"Mazishi ya nani, bosi?"

Wakatazamana. Mhasibu akamtazama mama wa mapokezi. Mama wa mapokezi akanitazama mimi kwa upole mkubwa, kama mtu aliyechanganyikiwa kwa uchungu, akasema, "Ya marehemu, baba. Wa umeme."

Hapo kila kitu kikarudi kwa mpigo: kiti cha daladala, maji ya kunywa, umepungua sana. Niliangalia ile bahasha. Sitasema uongo, kwa sekunde moja nilimfikiria mjomba mmoja tulionaye huko Lindi, mgonjwa wa siku nyingi, nikaona labda. Kisha nikajikuta nasema:

"Bosi, marehemu ni suruali."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Ilibidi nieleze yote nimesimama na kanzu yangu: daktari, chai, kikaratasi, fundi, pasi. Nilipofika kwenye "kinakuja", bosi alitoka nje. Tukamsikia kwenye korido akicheka hadi anaegemea ukuta. Ndipo wengine wakafunguka. Yule aliyefuta jicho alikasirika kweli, akadai kwamba alikwishapiga simu kwao kuomba dua.

Pesa nikataka kurudisha, mama wa mapokezi akakataa katakata: hela ya rambirambi ikirudi mifukoni inamtafuta marehemu wa kweli. Ikaundwa kamati. Dereva, kwa kuwa gari lilishawashwa, akawapeleka mtumbani Karume. Wakarudi na suruali mbili, kiuno arobaini, nyeusi na kijivu, na mhasibu akanikabidhi mbele ya wafanyakazi wote kwa hotuba iliyotaja "katika kipindi hiki kigumu". Kilichobaki wakanunua chipsi na mishkaki. Mimi nilikula mishkaki na kachumbari. Chipsi nikampa dereva.

Kwa daktari nilirudi miezi sita ilipotimia. Mizani ikasoma 91. Ugali nimeurudisha, wa ukubwa wa ngumi, chai ya shemeji nimeacha, na jioni nashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani natembea. Katikati kulikuwa na wiki tatu mfululizo ambazo mizani haikutikisika hata kidogo, na nyingine ikapanda kwa sababu ya hitima moja hivi. Daktari akaandika namba yake bila kuinua kichwa, akasema tunaendelea vizuri. Kiuno changu sasa ni thelathini na nane. Suruali za Karume nazishikilia kwa mkanda, na fundi viatu amenitobolea tundu jipya kwa msumari wa moto.

Zile zilizokatwa kufikia thelathini na tano, bado hazinitoshi. Zinamtosha shemeji. Anazivaa moja moja kila akija, amenyoosha pasi vizuri, anakaa kochini anafungua daftari lake, na kunikumbusha kwamba pakiti mbili za majani ya chai sijalipa.