Pepea, Kijana!

Muziki wa watu wawili ni mgumu kuliko wa watu ishirini, na anayebisha hajawahi kukaa na gitaa mbele ya piano. Kwenye taarab ukiteleza yupo mwenye fidla wa kukufunika, yupo wa akodioni, yupo wa dumbak, na juu ya hapo watu wanainuka kumtunza muimbaji wala hawana habari nawe. Mkiwa wawili, hamna pa kujificha.

Halafu gitaa na piano zina ugomvi wao wa ndani. Zote zinapiga kodi, yaani sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, zote zinaweza kubeba wimbo, na zote zinapenda kukaa pale pale, sauti za katikati. Mmoja ana vibao 88 na vidole kumi, mwengine ana nyuzi sita. Manahodha wawili, chombo kimoja. Kila mtu akimwaga alichonacho, anayesikiliza anaambulia zogo tu.

Ami yangu anayajua haya kuliko mimi. Ujana wake wote kapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye taarab, piano kaianza nywele zishaingia mvi, na tangu hapo hana kitabu ila rekodi moja ya jazi: Undercurrent, ya mwaka 1962, Bill Evans kwenye piano na Jim Hall kwenye gitaa. Hamna ngoma, hamna besi. Kila nikienda kwake Kikwajuni, Unguja, ananikalisha chini na chai ya tangawizi kunisikilizisha My Funny Valentine. "Msikize huyu wa gitaa," ananiambia. "Mwenziwe yuko kwenye solo, na ngoma hakuna. Ngoma kaishika yeye, anakwangua kodi nne kwa nne. Na wa piano naye anajua, mkono wa kushoto kaupunguza ili ampe nafasi. Umesikia?" Nasikia, ami. "Hujasikia. Rudisha."

Basi kuna hoteli moja Shangani, jina nalihifadhi, ikataka jazi juu ya paa usiku wa Jumamosi. Meneja aliposikia "jazi" akili yake ilikwenda kwa Jamhuri Jazz ya Tanga, ile bendi ya dansi, akatuuliza magitaa ni mangapi na tarumbeta zitakaa wapi. Ami akamwambia hii ni ile ya Marekani, watu wawili tu, yeye piano na mimi gitaa. Meneja akafurahi sana. Nadhani alikuwa anahesabu sahani.

Kinanda tulikipandisha kwa zile ngazi za Mji Mkongwe ambazo kila kidaraja kina kimo chake. Yatosha kusema tulifika.

Juu huko mpango ulikuwa mzuri. Mwezi wa saba, kusi inavuma sawasawa, na jiko la mishkaki limewekwa pembe ya kaskazini ili moshi uende zake baharini. Lakini jua lilipokaribia kuzama, maharusi wawili wageni wakataka picha, na jiko likaonekana linawaharibia mandhari. Likabebwa, mkaa na kila kitu, likapelekwa upande wa pili. Jua likazama, picha zikapigwa, maharusi wakakaa. Jiko halikurudi.

Sisi tulikuwa tunangoja isha ipite ndiyo tuanze, na ndipo ami alipoleta fikra yake.

"Mimi nikipiga hufumba macho, wajua. Sasa n'takujulisha vipi kama zamu yako?"

"N'takusikiliza, ami. Si ndiyo kazi yenyewe? Ukiacha nafasi, naingia."

"Masikio yangu nayaamini. Yako ndiyo nna wasiwasi nayo." Akafikiri kidogo. "N'kikohoa mara moja, solo yako. N'kikohoa mara mbili, turudi kwenye wimbo wenyewe, tumalize."

Nilijaribu kumwambia kwamba Bill Evans na Jim Hall hawakukoholeana. Akanijibu kwamba wale walikuwa studio.

Wimbo wa kwanza, nakwambieni, ulikuwa mtamu. Ni wimbo wa vipande 32 vya mipigo minne minne, umegawika mafungu manne ya nane nane, kwa hiyo mtu unajua uko wapi hata ukiwa na usingizi. Ami mkono wa kushoto alikuwa anagusa sauti moja chini, anaiacha inalia, na mimi kodi zangu nimezipunguza hadi zikabaki nyuzi mbili za katikati, zile zenye sauti ya kumtambulisha msikilizaji kodi hiyo ni ya furaha au ya huzuni. Besi nimemwachia yeye. Alipiga kisentensi kifupi, akakiacha bila kukimaliza, nami nikakimaliza kwa sauti tatu. Akacheka, macho kayafumba vile vile. Akakohoa mara moja, safi kabisa, mwisho wa fungu. Nikaingia kwenye solo yangu. Akakohoa mara mbili, tukarudi, tukamaliza pamoja. Watu wakapiga makofi, bi harusi akasimama kabisa.

Wimbo wa pili mpishi akaweka mishkaki mibichi na kushika upepeo.

Ami ndiyo kwanza anaanza solo yake, hajamaliza hata kisentensi cha kwanza, nikamsikia: kohoo! Nikasema labda leo ana ukarimu. Nikaingia. Yeye akaendelea, mimi nikaendelea, tukawa tunapigiana kelele kama mawifi, kisha kwa heshima akaninyamazia. Hazijapita sekunde: kohoo, kohoo! Mara mbili hizo. Nikarudi kwenye wimbo wenyewe, nikaumaliza vizuri kwa kodi ndefu. Ami alikuwa bado yuko fungu la pili. Ikabidi azime katikati ya njia, na wimbo wote ulikwisha mfupi kuliko dua ya chakula.

"Una haraka ya wapi?" akaninong'oneza.

"Si umekohoa?"

"Moshi huo, we!"

"Sasa n'tajuaje upi moshi na upi wewe?"

Hakujibu, akaanza wimbo wa tatu. Hapo moshi wenyewe ukawa umeshatuzoea, unakuja moja kwa moja bila kupitia kwa watu. Ami akakohoa mara tano mfululizo. Nikapiga hesabu ya haraka: mbili, mbili na moja, maana yake tumalize, tumalize tena, halafu solo yangu. Nikafanya hivyo hivyo, kwa mpango. Kisha mzungu mmoja mzee wa meza ya mbele, ambaye tangu jioni alikuwa na mafua yake ya kuja nayo, akakohoa mara moja, na kidole changu kikaingia solo kabla sijamtazama. Mzee wa watu akaona nimemjibu, akafurahi, akakohoa tena.

Kisha nikakohoa mimi.

Hili hatukuwa tumelipanga. Ami alidhani nimempa solo, akaondoa mkono wa kushoto kujitayarisha. Mimi niliona kaondoa mkono, nikadhani kaniachia nafasi, nikanyamaza ili nianze vizuri. Yeye ananingoja mimi, mimi namngoja yeye. Paa zima kimya. Mkionja kimya cha watu wenye adabu wasiojua kama wimbo umekwisha au la, hamtakisahau.

Kilichobaki kinasikika ni upepeo wa mpishi. Pwa, pwa, pwa, pwa. Kijana alikuwa na mkono wa saa, wallahi, hapungui wala haongezi.

Ami akafumbua macho. Mara ya kwanza usiku ule. Akageuza kichwa akamtazama mpishi, kisha akaweka sauti moja ya besi juu ya pwa ya kwanza. Nyengine juu ya tatu. Nikaelewa. Nikaacha kodi zote, nikaanza kupiga vijisauti viwili viwili katikati ya pwa na pwa, na ami akawa anajibu juu kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyekohoa maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukohoa. Pale tulisikilizana watu watatu, na mmoja wetu alikuwa anageuza nyama.

Tatizo mpishi akaona watu wote wamemgeukia. Kijana wa watu akaona haya, akaweka upepeo chini na kusimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa.

Mdundo ukafa. Ami akapaza sauti kutoka kwenye kinanda: "Pepea, kijana!"

Akapepea. Sasa kwa kuwa ameamrishwa na mzee, akapepea kwa nguvu zake zote, mara mbili ya kasi ya mwanzo. Muziki nao ukakimbia, mkaa ukawaka mwekundu, mafuta ya nyama yakadondoka, na moshi uliotoka hapo si moshi wa mishkaki tena, ni wa tanuri la chokaa. Meza ya mbele haikuonekana. Paa zima likakohoa. Mimi, kwa mazoea, nilijaribu kumpa kila mtu solo yake.

Meneja alitokea ndani ya wingu na ndoo ya maji.

Kwa haki tumtendee: alitulipa pesa zetu zote, akakata tu ile mishkaki ya maharusi iliyogeuka mkaa, na akauliza kama Jumamosi ijayo yule wa ngoma tutakuja naye tena.

Mpishi ndiye aliyetusaidia kushusha kinanda. Tulipofika chini mlangoni akajifuta jasho, akasema kwa adabu, "Shekhe, na mimi fungu langu?"

Ami akatazama baharini. Akakohoa mara moja.

Nikatoa elfu kumi mfukoni kwangu. Mpaka leo anaapa kwamba ile ilikuwa moshi.