Pikapu ya Mwaka 1950 na Injini ya Kisasa: Nani Anaharibu Nini?

Chukua Chevrolet 3100 ya mwaka 1950, zile pikapu za boneti nene ya mviringo zinazopendwa mno na wakusanyaji. Ndani mna injini ya silinda sita, inchi za ujazo 216, yenye nguvu za farasi 90 hivi. Difu yake, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilipangwa kwa ajili ya kuvuta mizigo, si kukimbia. Ukikaribia kilomita 80 kwa saa, injini inalia mpaka unaionea huruma. Breki zote nne ni za ngoma, na zinalishwa na masta silinda ya njia moja: paipu moja ikipasuka, huna breki. Mkanda wa usalama haumo.

Mwenye gari kama hilo ana njia mbili, na waumini wa kila njia hawaivi chungu kimoja. Wa kwanza wanataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hadi namba zilizogongwa kwenye injini zilingane na umri wa gari. Wa pili wanaacha bodi ilivyo, kisha wanaingiza injini ya kisasa ya V8, yaani ya silinda nane, mara nyingi ya ukoo wa LS ambao General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliuanzisha kwenye gari la michezo la Corvette la mwaka 1997, pamoja na gia za otomatiki, breki za diski na kiyoyozi.

Wa kwanza wana hoja nzito. Gari ambalo halijaguswa ni ushahidi wa jinsi rangi ilivyopuliziwa, waya zilivyopitishwa na mafundi wa kiwandani walivyofanya kazi. Ukishalikwangua, ushahidi huo haurudi hata ukimwaga fedha kiasi gani. Soko nalo linalijua hilo. Septemba 2013, huko Pierce, Nebraska, yalipigwa mnada mamia ya magari ya muuza Chevrolet mstaafu aliyekuwa ameyaweka miaka mingi. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya mwaka 1958, iliyokuwa imetembea maili 1.3 tu, iliuzwa dola 140,000 ikiwa na vumbi lake. Januari 2020, Mustang ya mwaka 1968 ambayo mwigizaji Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt iligongewa nyundo mnadani kwa dola milioni 3.4, huko Kissimmee, Florida, haijapakwa rangi mpya wala kufutwa makovu yake.

Lakini magari ya namna hiyo ni ya kuhesabu. Pikapu nyingi za zamani zilikuwa vyombo vya kazi. Zilibeba majani ya ng'ombe, zikagongwa, zikachomelewa na wenyewe bandani, zikabadilishwa injini kabla hata neno ukusanyaji halijazihusu. Ukisema irudishwe kwenye asili, asili ipi? Na tukisema kweli, gari "lililorudishwa" huwa zuri kupita lilivyowahi kuwa: rangi inang'aa kama kioo, milango inafunga bila mwanya, jambo ambalo kiwanda hakikulihangaikia kwa gari la kubebea mbolea. Mabati yake mengi ni spea za kuigiza. Hiyo nayo ni sanaa, naipenda, ila isijiite historia.

Halafu kuna barabara yenyewe. Ukitaka kuingia barabara kuu za Marekani na familia yako, masta silinda ya njia mbili na mikanda ya usalama si anasa. Kwa bahati nzuri, kazi hizo nyingi zinafungwa kwa bolti, na siku ukitaka unazifungua.

Kwangu mimi mpaka uko hapohapo, kwenye kinachoweza kufunguliwa, na si kwenye umri wa injini. Breki za diski za kufunga kwa bolti, sawa. Injini mpya iliyokalia mikono ya kufunga kwa bolti, huku ile ya zamani imepakwa mafuta na kufunikwa pembeni, sawa pia. Kukata chesi, ile fremu inayobeba gari zima, na kuunga sehemu ya mbele ya gari jingine ni habari nyingine kabisa, kwa sababu atakayenunua kesho amenyimwa uamuzi. Mitindo nayo hupita. Kompyuta ya injini ikifa miaka 30 ijayo sijui nani ataitafutia mwenzake, ilhali kabureta utaifungua na kuisafisha mwenyewe.

Kinachonikera zaidi kuliko V8 yoyote ni puti, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Pita na sumaku ndogo kwenye pembe za chini za kibanda, nyuma ya milango, mahali maji hujikusanya. Ikikataa kushika, chini ya rangi hiyo nzuri hakuna bati, kuna kiraka kinene kilichopigwa msasa. Hilo limo pande zote mbili, kwa wapenda asili na wapenda usasa.

Hata viwanda vyenyewe vimeshaingia kwenye ubishi huu. Mwishoni mwa 2021 Ford ilionyesha F-100 ya mwaka 1978 iliyowekewa mota za gari lake la umeme, Mustang Mach-E. Wapo waliokasirika. Mimi sikuona kosa: pikapu za aina hiyo ziliundwa kwa wingi mno, na kati ya hizo zipo ambazo injini zake zilishakufa zamani. Nyingine, ambazo bado zinawaka na rangi ya kiwandani ingalipo, ningeziwekea mafuta mapya, mipira ya breki na betri, basi.