Kuchanganya damu za farasi: gharama anayoilipa jike

Mazungumzo kuhusu kuchanganya mbari za farasi huanza karibu kila mara na chotara mwenyewe: atakuwa na kasi gani, ataruka urefu gani, atakuwa mpole au mkali. Ni maswali ya msingi, na ninakubali kwamba uchanganyaji umetupatia baadhi ya farasi bora kabisa tunaowajua. Hata hivyo, ipo gharama moja ambayo wafugaji wengi hawaiingizi kwenye hesabu zao, na ninaamini ndiyo inayopaswa kutangulia nyingine zote. Gharama hiyo hulipwa na mbari ya mama.

Kwanza niseme wazi kwamba wanaoupinga uchanganyaji kwa jina la usafi wa damu hawana hoja kubwa. Farasi wa mbio aitwaye Thoroughbred, ambaye kitabu chake cha nasaba kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791 na ambaye leo haruhusiwi kuingiziwa damu ya nje, ni zao la madume waliotoka Mashariki, mashuhuri wao wakiwa Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, waliopandishwa kwa majike waliokuwapo Uingereza wakati huo. Huyu ni chotara wa zamani aliyejengewa uzio. Huko Ujerumani, kituo cha madume wa mbegu cha Celle, kilichoanzishwa mwaka 1735, kiliwahudumia kwa vizazi vingi wafugaji wa Hannover waliohitaji farasi wa shamba, wa kukokota magari na wa jeshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi hizo zilipochukuliwa na mashine, damu ya Thoroughbred na ya Trakehner, mbari nyingine ya Kijerumani, iliongezwa, na farasi wa kazi akageuka kuwa farasi wa michezo. Kilichowafanikisha wafugaji hao, kwa maoni yangu, si mchanganyiko peke yake bali uchujaji uliofuata, kwa kuwa kila dume alikaguliwa umbo, mwendo na tabia kabla ya kuruhusiwa kuzalisha.

Faida ya kiafya nayo ni ya kweli, ingawa ina mipaka. Mbari iliyofungwa kwa muda mrefu hulimbikiza vinasaba vyenye kasoro, na mtoto anapopokea kasoro ileile kutoka kwa baba na kwa mama ndipo ugonjwa unapojitokeza. Farasi wa Kiarabu wana mfano wa kuhuzunisha sana. Mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa, ananyonya na kukimbia ubavuni mwa mama yake, kumbe mwili wake hauwezi kujijengea kinga. Ile aliyoipata katika maziwa ya kwanza inapokwisha, maambukizi humwandama, na kwa kawaida hafikishi miezi sita. Jike aliyebeba kasoro hiyo akipandishwa na dume wa mbari isiyokuwa nayo, mtoto hataugua. Lakini anaweza kuibeba kimyakimya, na akirudishiwa damu ya Kiarabu kwa dume aliyeibeba pia, msiba huo unaweza kurudi.

Zipo pia kasoro ambazo nakala moja tu yake inatosha kuleta ugonjwa, na hapo uchanganyaji hauzuii kitu. Dume wa Marekani aliyeitwa Impressive, wa mbari ya Quarter Horse, aliyezaliwa mwaka 1969, alipendwa mno kwa misuli yake iliyojaa. Pamoja na misuli hiyo alirithisha kasoro inayovuruga madini ya chumvi ndani ya misuli, kiasi kwamba farasi anaweza kutetemeka ghafla, kulegea na kuanguka. Kwa sababu alitafutwa na kila mtu, uzao wake uliingia katika mbari nyingine, na ugonjwa ukaingia nao. Siku hizi kasoro hizi zote mbili hupimwa kwa sampuli ya nywele au damu, na sioni udhuru wowote wa mfugaji kumpandisha farasi wa mbari hizo bila kupima.

Kuhusu umbo, wengi hudhani kwamba chotara hukaa katikati ya wazazi wake, mithili ya rangi mbili zilizochanganywa kwenye kopo moja. Sivyo. Anaweza kuchukua kifua kizito cha farasi wa kukokota na miguu myembamba ya farasi wa mbio, na uzito ule wote ukashukia kwenye mfupa mwembamba chini ya goti kila anapokanyaga. Vizazi vinavyofuata ni vigumu zaidi kuvitabiri: chotara wa kwanza huwa wanafanana kiasi, lakini wakipandishwa wao kwa wao, wajukuu hutawanyika kila upande.

Ukubwa wa mtoto, kwa upande mwingine, una siri ambayo hunivutia kila ninapoifikiria. Mwaka 1938 watafiti wawili wa Cambridge, Walton na Hammond, walichapisha matokeo ya kuchanganya Shire, farasi mkubwa kupindukia, na Shetland, farasi mdogo sana, kwa njia ya uhimilishaji, yaani jike kutiwa mbegu za dume bila wawili hao kupandana. Watoto waliobebwa na mama Shire walizaliwa na uzito wa takriban mara tatu ya wale waliobebwa na mama Shetland, ingawa damu ilikuwa nusu kwa nusu pande zote mbili. Tumbo la mama ndilo lililoweka kipimo.

Tumbo hilohilo ndilo linalonirudisha kwenye ile gharama niliyoitaja. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Dume anaweza kuwa na watoto wengi kwa msimu mmoja, tena katika nchi asizowahi kukanyaga. Jike hawezi, na kila mwaka anaozaa chotara ni mwaka ambao mbari yake imekosa mtoto. Farasi aitwaye Irish Draught, akipandishwa na Thoroughbred, huzaa farasi wa kuruka vizuizi anayesifiwa duniani kote, na sifa hiyo ndiyo iliyowavuta majike wake wengi nje ya uzao wa mbari yao, hadi mbari yenyewe ikahesabiwa miongoni mwa zilizo hatarini. Cleveland Bay wa Uingereza alipitia njia kama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madume waliobaki walikuwa wachache mno, na Malkia Elizabeth wa Pili alimnunua mmoja wao, Mulgrave Supreme, ili aendelee kupandishwa nyumbani. Chotara wao walikuwa wazuri kweli, na uzuri huo ulikuwa unamaliza kisima ulikochotwa.

Kwa hiyo mwenye jike wa mbari yenye majike wachache ningemwomba ampandishe kwanza na dume wa mbari yake, asubiri mpaka apatikane mtoto jike, amlee mpaka naye afikie umri wa kuzaa. Hapo mama akipelekwa kwa Thoroughbred, sina neno.