Fundi, shusha gari kwanza ndio ukaze

Jumapili jioni nilikuwa nimelala chini ya Impreza ya mpwa wangu, tochi mdomoni, nikaingiza mtaimbo mdogo kwenye loa am, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, nikaisukuma kidogo tu, bushi ya nyuma, ile raba ya maungio ya mkono huo na bodi, ikaachama. Raba imechanika kama mwezi mchanga, kando kabisa ya ile bomba ya chuma ya katikati. Hizo bushi zina wiki tatu! Zimekimbia mara moja tu, autokrosi, yale mashindano ya magari, ya Jamhuri Park. Na fundi aliyezifunga anamwambia kijana ati raba za siku hizi ni feki.

Si feki jamani. Imechanikia pale pale penye kusokotwa.

Bushi ya raba haizunguki. Raba imegandishwa kwa bomba ya ndani na kwa ganda la nje, ukishakaza nati ile bomba inashikwa, sasa am ikipanda na kushuka ni raba inayojisokota. Ukikaza gari ikiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, maana yake umeiambia raba kwamba hapo ndipo nyumbani. Unashusha gari, am inapanda, raba imeshasokotwa kabla hata hujawasha injini, inalala hivyo usiku kucha, halafu kesho unaipeleka kwenye matuta na mashimo ya Jamhuri unashangaa imekatika. Mimi hii kitu inaniuma kwa sababu kijana alijinyima miezi kununua hizo bushi, na kazi yenyewe ni dakika kumi! Funga nati kwa mkono tu, shusha gari ikanyage chini, mtu aketi kiti cha dereva, itikise mbele nyuma ikae sawa, ndio ukaze ya mwisho. Ukibadilisha springi gari ikapanda au ikashuka, legeza zote ukaze upya.

Najua mtaniambia niweke poli, zile bushi za plastiki ngumu ya polyurethane, niachane na hizo shida. Sawa, nakubali, poli inazunguka kwenye bomba yake kwa hivyo haijali ulikazia wapi, na usukani unakuwa mkali kweli. Lakini inataka grisi, tena ya silikoni, na vumbi letu likishaingia humo linageuka msasa, linakula poli na linakula bomba. Kama huna moyo wa kufungua, kuosha na kupaka kila baada ya mashindano, achana nayo. Halafu linki za nyuma, vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma, zinacheza pande mbili, poli ngumu inazibana, gari inakutoka nyuma ghafla. Kwangu mimi poli ni ya stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, huko nyuma raba ngumu.

Zile jointi za chuma tupu zinazowekwa badala ya bushi ni za mtu mwenye bajeti ya kuzibadilisha kila mara.

Na oili ikidondokea bushi, ziba hiyo oili kwanza. Raba ikinywa oili inavimba, inalainika, imeisha.

Tulitafuta nyingine, presi, mashine ya kusukumia bushi ndani, tukaazima kwa jirani, ganda tukalipaka maji ya sabuni likaingia taratibu. Tukashusha gari, kijana akaketi ndani na helmeti yake mapajani, nikakaza, nikapiga mstari wa rangi nyeupe juu ya nati ili ikilegea tuione. Akachungulia dirishani.

“Mjomba, na ya kushoto je? Si ni yeye aliifunga?”

Tukalegeza na ya kushoto.