Figo ya Scarface, magoti yangu

Jamani shoo za kusimama mimi basi tena. Nimeona jina la Scarface, yule rapa wa Houston, nikachanganyikiwa, nikabonyeza kununua kabla sijasoma kule chini, na kule chini ndiko walikoficha mambo yao, hakuna viti, halafu ada ya huduma, ada ya ukumbi, ada ya sijui nini, namaliza kulipa tiketi moja imefika bei ya mbili na naenda peke yangu.

Shoo yenyewe Nashville, huku Marekani, wanaiita Mji wa Muziki na kweli, pale Broadway kila mlango una bendi, ghorofani bendi, chini bendi, wote gitaa na kofia za kauboi. Nimekwama nyuma ya lile libaa la matairi, abiria wanakanyaga pedali kama baiskeli huku wanakunywa, bibi harusi mtarajiwa na mashoga zake wamevaa mabuti meupe wanapiga kelele, na mimi nawahi. Kupaki gari dola 40! Kwa hela ile nilitegemea na gari nalo likandwe mgongo.

Tiketi imesema saa moja usiku. Saa moja kamili nipo mlangoni, mara yangu ya kwanza kuwahi kitu tangu nitoke Tanga, kumbe saa moja ni ya kufungua mlango tu, mwenyewe kapanda saa tatu na nusu. Muda wote huo nimeegemea nguzo, hata chooni naogopa kwenda maana kuna jamaa anaimendea.

Huyu mtu tumetoka naye mbali. Miaka ya tisini nilidubu Geto Boys, kundi lake, juu ya kanda ya taarabu ya mama, ikawa wimbo wa Houston ukiisha tu unasikia kipande cha zeze kimebaki, halafu mama naye akakisikia, fimbo zile nazikumbuka mpaka leo.

Basi akapanda, bendi nyuma yake, sauti ileile nzito kama inatoka kisimani. Na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu. Mtu kazaliwa 1970, 2020 korona ikamharibu figo, 2021 mwanawe wa kumzaa akampa yake moja, na anatembea nayo humo ndani, anachana bila hata kushika kiuno! Mimi na figo zangu zote mbili nilizozaliwa nazo natupa macho chini nione kama kuna kreti nikalie. Kijana wa pembeni akaniuliza kama nataka maji, kwa upole ule wa kuvusha wazee barabara. Nikamwambia nipo sawa, wakati huo goti la kushoto limeshajifunga. Na yeye simu kainyanyua shoo nzima, nimemwona Scarface kwenye kioo chake kuliko jukwaani.

Ikaja ile ya 1991, Mind Playing Tricks on Me. Enzi hizo naimba sielewi, najua tu jamaa hapati usingizi anahisi kuna watu wanamfuata. Sasa hivi naielewa neno kwa neno, maana na mimi silali, nafuatwa na bima ya gari, kodi ya nyumba, na kibofu, hicho kinaniamsha mara tatu. Nimeimba mpaka jamaa wa nguzo akasogea mwenyewe.

Nikamtumia dogo wangu meseji, unaona wenzio, wanatoa figo, wewe chaja yangu umeichukua tangu wiki iliyopita. Akajibu "k". Herufi moja! Simu ikazima hapohapo, nikazunguka lile jengo la kupaki ghorofa tatu nalitafuta gari.

Nyumbani mama watoto ananiuliza shoo ilikuwaje, naona midomo inacheza tu, masikio yanalia nyiii. Asubuhi nimekuta chaja mlangoni kwangu, dogo kairudisha, nikaguswa jamani, nikachomeka. Waya umekatika.