"Shall" haina pacha

Tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili, hapa Dodoma ukikaa na wanaoshika rasimu hukosi lalamiko hili: mfasiri ameila "shall", neno la amri katika sheria za Kiingereza. Wakili anakuta "the Minister shall make regulations" imekuwa "Waziri atatunga kanuni", anauliza lazima iko wapi. Kwake -ta-, kiambishi cha wakati ujao, ni ya fundi cherehani: "Nguo utaipata kesho."

Ana hoja. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, kifungu cha 53, imeshachora mpaka: "shall" ni amri, "may" ni hiari. Ukiuvuruga, kuna mtu atakosa haki yake. Ndiyo maana wapo wanaotaka kila "shall" iandikwe "ni lazima", basi.

Sasa chukua Katiba ya 1977, ibara ya 33: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Nani amewahi kuisoma kama utabiri? Weka "ni lazima kuwe na Rais" uone. Inasikika kama mtu anayebishana barazani. Ibara ya 37 inasema kiti kikiwa wazi kwa kifo, Makamu wa Rais ataapishwa na atakuwa Rais. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kwa -ta- hiyohiyo, na sikusikia yeyote akiiita ahadi. Ikikaa ndani ya kifungu, -ta- inaamrisha. Wahispania nao hufanya hivyo: sheria zao huandika "nombrará", yaani atateua, na "deberá" huitunza kwa pale wajibu unapotakiwa kukazwa. Hakuna anayewaambia wameila "shall".

Hata kilichopotea si hasara kila mara. Ibara ya 39, nakala ya Kiingereza inamtaja mgombea urais kwa "he", yaani yeye wa kiume. Kiswahili kinasema tu "ni raia wa kuzaliwa". Mwanamke akagombea bila kuhitaji kifungu cha kumfafanulia kwamba "he" ni yeye pia. Mhispania angebanwa achague, "ciudadano" au "ciudadana", raia wa kiume au wa kike. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliona hilo mwaka 1959: lugha zinatofautiana hasa katika yale zinayokulazimisha kuyasema.

Na Kiswahili kinalazimisha, tena sana. Rasimu ikitaja mashahidi na nyaraka, kisha ikasema "they shall be removed", Kiingereza kinapita kimyakimya. Mfasiri hawezi. Wataondolewa au zitaondolewa? Hakuna kiambishi cha kujifichia, inabidi anyanyue simu amuulize mwandishi wa sheria alimaanisha nini, na mara nyingine mwandishi mwenyewe ndiyo kwanza anajiuliza. Akikisia, kosa litakaa kwenye herufi mbili, na kwa masikio litakuwa Kiswahili safi kabisa. Mawakili wangembana mfasiri hapo, -ta- wangeiacha ifanye kazi yake.