Laki Mbili Yangu na Kadi ya Grafiki

Naomba anayejua anijibu taratibu: kwa nini kila mtu ninayemwambia nina laki mbili anasikia laki nne?

Nina kompyuta. Si mpya, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ni mpya. Ni Dell OptiPlex 7010, lile toleo jembamba, prosesa yake Core i5-3470, mambo ya mwaka 2012. Niliinunua ikiwa imeshatumika kwenye ofisi fulani huko Ulaya na bado ina stika ya namba ya mali. Nimegoma kuibandua, maana wageni wakiiona wanadhani nina cheo kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Mashine hii inatoka kiwandani, Dodoma yetu hii ilikuwa bado manispaa. Sasa ni jiji tangu 2018, treni ya SGR imefika, kodi ya nyumba imepanda, sahani ya wali nyama imepanda. Kila kitu kimepandishwa hadhi mji huu isipokuwa kompyuta yangu na mshahara wangu.

Na ninachotaka wala si kikubwa. Nikitoka kazini jioni nataka kuendesha roli. Kuna gemu inaitwa Euro Truck Simulator 2, nayo ni ya 2012, waliitengeneza Wacheki wa SCS Software pale Prague. Unapakia mzigo Rotterdam, unashusha Berlin, unalala, unalipwa. Hakuna kupigana, hakuna mazimwi, hakuna anayekutukana mama yako kwenye spika za masikioni. Tatizo ni kwamba kwangu roli haliendi, linaruka. Sasa hivi liko kwenye taa za barabarani, ukipepesa jicho liko uani kwa watu.

Nikaambiwa ugonjwa ni kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za skrini, kwamba sina. Ninayotumia ni ile iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, Intel HD Graphics 2500, ambayo haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta nzima. Na RAM yangu yote ni giga 4, Windows imeshachukua sehemu yake mapema. Ni kukopa kwa mtu ambaye naye anakimbia wanaomdai.

Basi nikajichanga. Laki mbili, kwa jasho, baada ya kukwepa michango ya harusi kwa ustadi ambao sitauandika hapa kwa sababu kamati bado zipo.

Fundi wangu ana meza karibu na soko la Majengo. Huyu alinielewa. Akasema, "Mkuu, wewe chukua GTX 750 Ti. Ya 2014, giga 2, inakula wati 60 tu, haitaki waya wa ziada wa umeme, inajilisha kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, hapo hapo." Nikafurahi. Ningekuwa mtu wa kunyamaza ningenunua siku ile ile na maisha yangeendelea.

Lakini nikamwambia kijana wa jirani, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mambo ya kompyuta. "Shikamoo mzee. 750 Ti? Mzee wangu, usijidhulumu. Ongeza kidogo tu uchukue 1050 Ti, ya 2016, giga 4." Sawa, nikasema, kidogo. Ofisini nikamgusia mwenzangu mmoja, yeye akacheka kabisa. "1050 Ti ya nini mwaka huu? Ongeza kidogo uvute RTX 3050 ya giga 6. Ya 2024 hiyo, wati 70, haina waya wa ziada." Nikarudi kwa kijana kumuuliza kuhusu 3050. Akakuna kichwa. "Kadi ni nzuri mzee, ila hiyo prosesa yako itaivuta shati. Kwa hiyo unaongeza kidogo unabadili prosesa. Ukibadili prosesa, mazabodi hii haikubali, unabadili. Mazabodi mpya haitaki RAM yako ya DDR3, aina ya zamani. Halafu tena Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane. Wewe uko cha tatu."

Yaani ili nibadili kadi, nibadili kila kitu, nibaki na stika.

Na hapo hatujafika kwenye kasha. Kwa sababu kompyuta yangu ni nyembamba, kadi ya kawaida haiingii, inatakiwa ile fupi. Nikadhani fupi ni nafuu. Ndugu zangu, fupi ni ghali zaidi, kwa sababu ni adimu! Umenyimwa nusu ya kadi na umeongezewa bei. Pawa saplai nayo ni ya wati 240 na ina umbo lake maalumu, huwezi kuingia duka lolote ukachomoa nyingine ukapachika. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi, kwa viwango, haizidi kutoa wati 75. Ndiyo maana watu wa kompyuta kama yangu tunaongea habari za wati kwa unyenyekevu, hatupandishi sauti.

Halafu monita. Monita yangu ina tundu moja tu la nyuma, VGA, lile la bluu la skrubu mbili. Kijana akaniambia 1050 Ti haitoi VGA. Familia yote ile ya Nvidia, watengenezaji wa kadi hizi, waliachana nayo, inabidi ununue adapta, na siyo ile ya bei rahisi ya kugeuza umbo tu, ni yenye kijidude ndani cha kutafsiri mawimbi. Ongeza kidogo.

Nikasema ngoja niulize Dar. Nikapata namba ya jamaa Kariakoo, tukaanza kuchati. Anazo 1050 Ti, giga 4, laki na themanini, anafunga mzigo, anaweka kwenye basi, napokea kesho. Nikamlilia habari ya monita yangu. Akajibu haraka, na emoji ya kucheka: "Usijali bosi wangu, hii ya kwangu ina VGA kabisa, huhitaji adapta." Akatuma na picha. Kweli, tundu la bluu lile pale. Nikamshukuru Mungu, nikafungua simu upande wa kutuma hela, kidole kiko kwenye namba ya siri.

Bahati nzuri kijana alikuwa amekuja kuchaji simu yake kwetu. Akatazama picha ile jinsi daktari anavyotazama picha ya kifua. "Mzee, 1050 Ti gani hii yenye VGA?" Akanieleza. Kumbe kuna watu wanachukua GTS 450, kadi ya 2010, wanaiandikia upya programu yake ya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti, wanabandika stika, wanaisukumia sokoni. Ukiiwasha, Windows inaamini kabisa. Ila ukiweka kijiprogramu cha GPU-Z, kinasoma chipu yenyewe na kukuandikia neno FAKE kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kile kitundu nilichokishangilia ndicho kilichokuwa kinamchongea.

Nikamwandikia jamaa, kwa heshima, kwamba hii siyo 1050 Ti. Unajua alijibu nini? "Bosi, mbona inawaka?"

Sina jibu la sentensi hiyo mpaka leo.

Na wala siwezi kusema nisubiri bei ishuke, maana bei ya vitu hivi inaendeshwa na mambo ambayo hayanihusu kabisa. Mwaka 2021 kadi zilipaa dunia nzima kwa sababu ya wachimbaji. Mimi mchimbaji ninayemjua ana koleo. Hawa walikuwa wanachimba sarafu za mtandaoni, kadi sita, kadi nane, zinaunguruma usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ikabadili utaratibu wake, uchimbaji ukafa, kadi zao zikamwagika sokoni kama used. Kwa hiyo ukiokota kadi kubwa ya bei poa, muulize muuzaji kwanza kama haijatoka mgodini.

Nyumbani nako kuna Wizara ya Nishati. Mke wangu ndiye mwenye mita. Tuko kwenye ile tarifa ya matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha bei inaruka, na yeye anazilinda uniti hizo kuliko anavyonilinda mimi. Akaniuliza hiyo kadi inakula kiasi gani. Nikampigia hesabu kwa ujasiri: wati 75, saa nne kila jioni, ni uniti 0.3 kwa siku, mwezi mzima uniti tisa tu.

"Tisa tu?"

"Tisa."

"Baba Junior, uniti tisa napiga pasi sare za watoto mpaka likizo. Wewe unataka kuzipeleka Berlin."

Aliyenimaliza ni shemeji, kaka yake mkubwa. Huyu ni dereva wa roli wa kweli, anabeba mafuta Dar hadi Kigali, na akipita Dodoma anaegesha barabara ya Singida, anachukua bodaboda, anakuja kula kwetu. Alinikuta nimekaa mbele ya kompyuta.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naendesha roli."

Akakaa. Akaangalia kwa muda mrefu. "Trafiki wapo humo?"

"Kuna kamera za mwendo. Ukizidisha unakatwa faini."

"Kwa hiyo unapigwa tochi ukiwa sebuleni kwako."

"Ndiyo gemu yenyewe, shemeji."

"Na usingizi?"

"Usipolala dereva anaanza kupiga miayo, skrini inafifia."

"Roli la nani?"

"Langu. Nimekopa benki."

Mke wangu alisikia neno benki akatoka jikoni na mwiko. Ikabidi nieleze kwamba ni benki ya humo ndani ya gemu. "Ina riba?" Ina riba. "Na unalipa?" Nalipa kila siku ya humo ndani. Wakatazamana, kaka na dada, kwa jicho ambalo familia yao inatazamana nalo tangu siku ya kutoa mahari. Shemeji akanawa mikono, akasema kwa upole kabisa, "Mimi nalipwa kufanya kazi hii na nataka kuiacha. Wewe unataka kununua kadi ili uifanye bure."

Siku iliyofuata nilibeba kompyuta mpaka Majengo, nimechoka na binadamu. Nikamwambia fundi apime tu kama kadi fupi itaingia. Akafungua kifuniko, akanyamaza. Akaita mwenzake wa meza ya pili aje aone.

Ndani kulikuwa na vumbi la mtaa wetu wa Nkuhungu mzima. Mnajua kiangazi cha huku, upepo wa Julai mpaka Septemba, vumbi linapita hata chini ya mlango uliofungwa. Lilikuwa limelala juu ya prosesa, limevaa feni, limejaza zile pezi za chuma mpaka hazionekani tena. "Mkuu," fundi akasema, "hapa ukipanda uwele unavuna."

Akanipeleka kwa mtu wa pancha, jirani yake, mwenye kompresa. Akapachika bisibisi kwenye feni ili isizunguke ovyo, akapuliza. Likatoka wingu, mama wa maembe akafunika meza yake akatuombea mabaya. Akaifuta ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa, ilikuwa imekauka imekuwa chaki, akapaka nyingine. Alinieleza kwamba prosesa ikipata joto kali inajipunguza kasi yenyewe isiungue, na hii yangu inaonekana ilikuwa inajihurumia tangu zamani. Kisha akachomeka RAM ya pili, giga 4 nyingine ya DDR3, used, kwa bei ambayo hata mimi sikuibishia. Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa pamoja, na kwa kuwa grafiki yangu inaishi kwa kuazima humo, naye anapata nafuu. Laki mbili ikabaki karibu nzima.

Jioni nikashusha mipangilio yote hadi chini, miti ya Ujerumani ikawa na majani machache, vivuli nikavifuta. Roli likatembea. Siyo kwa ulaini wa kuandikia barua nyumbani, lakini lilikuwa linapita kila mahali kabla ya kufika mbele, ambalo ndilo jambo la msingi katika usafirishaji.

Sasa kadi ninunue au nisinunue? Kichwa kinasema pumzika. Moyo unasema 750 Ti fupi, VGA yangu itafanya kazi kwa adapta ya kawaida, wati 60, uniti saba na kidogo. Nilikuwa nimeshaelekea kusema hapana, nikaweka hela kwenye bahasha ya ada.

Ndipo juzi shemeji akapita tena, akirudi kutoka Kigali. Akakuta gemu iko wazi, nimefika kwenye kushusha mzigo. Akasema hebu nione. Nikampisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kupiga rivasi tu, kuingiza tela kwenye mlango wa ghala. Mtu huyu anapaki tela la kweli gizani, matope, huku anaongea na simu. Akashika vitufe vya mishale. Tela likakunja. Akanyoosha, likakunja upande wa pili, likagonga nguzo. Akavua kofia. Likagonga ghala. Chai ikapoa, jasho likamtoka, simu ya tajiri wake ikaita akaikata. Watoto wakaanza kucheka, akawafukuza.

"Shemeji," akaniambia bila kugeuka, "tatizo siyo mimi. Hii kadi yako haionyeshi vizuri nyuma."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni.

"Baba Junior, hiyo kadi si ununue tu? Huoni kaka anavyoteseka?"